Jani la Sale

Viti vya plastiki vimerudi kwa wenyewe,
sufuria kubwa zimesuguliwa kwa majivu, zimekwenda.
Turubai limekunjwa, na pale liliposimama
nyasi zimelala njano kwa umbo la watu waliokaa.
Aikaeli, hii ni wiki ya sita.
Mfukoni mwa koti bado nina risiti ya KCMC:
kitanda, oksijeni, dripu mbili,
na muhuri wa zambarau: IMELIPWA.
Nimelipa. Mzigo sikupewa.

Mchungaji alikuja Jumanne, akanywa chai,
akasema maneno ambayo nami nimewahi kuwaambia wenzangu
kwenye misiba yao, nikiwa nimeshiba.
Kwaya wamenitunzia nafasi yangu ya besi,
mwisho kulia, karibu na dirisha.
Sijaenda.
Mezani ni Ndeshi anayeombea chakula.
Ana miaka saba, anaomba mbio kama anayevuka barabara,
nami nainamisha kichwa, natazama sahani.

Unajua, huku Machame, mtu akimkosea mwenzake
hukata jani la sale, hulifunga fundo,
hulipeleka hadi mlangoni.
Liwe shamba, iwe damu,
ukiletewa sale hukatai.
Basi nikakaa, mke wangu, nikamngoja Mungu.
Nikasema: njia anaijua, mgomba hadi mgomba,
mfereji ni wake, na mbwa wetu hawezi kumbwekea.
Usiku, majani makavu yakichakacha nje,
nilinyanyuka kuangalia mkono umeshika nini.
Upepo.
Panya.
Mvua ya masika, iliyochelewa.

Aliyenishinda ni ng'ombe.
Yule mweusi wa baka jeupe, uliyemwita Sekretari
kwa sababu ya mwendo wake,
hataki mkono wangu. Ananichapa mkia, anazuia maziwa.
Jana saa kumi na moja alfajiri, ukungu umejaa zizini,
nimechuchumaa na ndoo tupu kati ya magoti,
nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake.
Ubavu ulikuwa wa moto, ukipanda, ukishuka,
na mimi, mtu wa besi,
nikalia kwa sauti nyembamba nisiyoijua.
Sikuanza na Baba. Sikutafuta utukufu.
Nilisema: Nyasi zimeisha.
Nilisema: Sijui chumvi ya ng'ombe inawekwa wapi.
Nilisema: Ulikuwa wapi saa nane ile ya usiku
nesi alipozima mashine taratibu,
kama anayefunga mlango wa mtoto aliyelala?
Nilisema: Usiondoke.
Hilo la mwisho nilidhani nakuambia wewe.
Lakini wewe ulikwishaondoka.

Maziwa yakashuka.
Siiti muujiza. Huenda alinihurumia tu,
au alichoka kushindana.

Kulipopambazuka nikapita kaburini kwako.
Masale tuliyopanda pembe nne yameshika,
moja lina chipukizi, jembamba kama kalamu.
Nikakata jani. Nikasimama nalo,
nisijue fundo hili ni la nani kati yetu,
mimi niliyenuna wiki sita
au Yeye aliyenyamaza wiki sita.
Kibo ilikuwa ndani ya wingu, haikutoa hata bega.
Nikalifunga hivyo hivyo.
Nikaliweka juu ya kizingiti,
nusu ndani, nusu nje.
Atakayewahi aliokote.

Mezani Ndeshi alikuwa ameshafumba macho,
tayari kuvuka barabara yake.
Nikamshika mkono. Leo mimi, nikasema.
Chai ilikuwa na maziwa, ya kwanza tangu uende.
Kwa lugha ya nyumbani, shukrani ni neno moja tu,
na hilo moja nilidhani nitaliweza:
Aika...
Sauti ikakwama hapo, mkokoteni kwenye tope.
Mtoto akadhani nakuita wewe.
Akanimalizia.